Mrejesho: Sikukuu pamoja na familia iliyonipokea
Mwezi uliopita niliomba ushauri, nikiwa mwanafunzi niliye katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, iwapo nijumuike na familia mwenyeji wakati wa sikukuu au nijifungie chumbani ili washerehekee kwa faragha. Nawashukuru mlionihimiza nimuulize mama mwenye nyumba waziwazi, kwani nilipomuuliza alicheka, akanikabidhi kitambaa cha kufutia vyombo, na tangu hapo sikuhesabiwa tena kuwa mgeni. Suala la zawadi ya kuwapa wenyeji wangu, lililoninyima usingizi bure, lilikwisha kwa barua fupi niliyoiandika kwa mkono, ambayo hadi leo imebandikwa kwenye mlango wa jokofu. Jioni moja tu nililemewa na upweke, baada ya kupiga simu nyumbani, na bibi wa familia hiyo akaja kuketi kando yangu bila kuuliza neno.