Vichupa vya "maabara tu": viruhusiwe au vizuiwe bandarini?

Mkunazini_Mtaani: Asalaam aleikum wanabaraza. Binamu yangu karudi Dubai na vichupa vitatu. Chini kuna unga mweupe kidogo kama magadi, juu kizibo cha mpira, na lebo inasema kwa utafiti wa maabara tu. Semaglutaidi, tirizepataidi, retatrutaidi, zile za kuchoma kupunguza unene. Ati ya kwanza inagusa kipokezi kimoja cha homoni, ya pili viwili, ya tatu vitatu, basi ya tatu ndiyo kiboko. Mambo haya yaachwe yaingie?

ShogaMichenzani: Yaingie! Jaribio lililotoka 2023, waliochomwa retatrutaidi kipimo cha juu walipungua kama asilimia 24 kwa wiki 48. Mie kilo 104, nakaa ghorofa ya nne, magoti yanalia kila ngazi.

KarafuuWete: Acheni urojo na kachori za usiku. Sie Pemba tunatembea.

ShogaMichenzani: Mnatembea? Nilipokuja Wete nimeshushwa na bodaboda mpaka mlango wa msikiti. Na urojo Chake nimeula mwenyewe, bakuli mbili.

KarafuuWete: Ule si urojo, ule uji wa embe. Usitusingizie.

Mfamasia_Zamu: Wingi wa vipokezi si ubora. GLP-1, homoni ya utumbo ambayo zote tatu zinaiga, inakata hamu na kuchelewesha chakula tumboni. Glukagoni, homoni ya kile kipokezi cha tatu, inasukuma mwili uunguze zaidi, na kwenye jaribio hilohilo mapigo ya moyo yalipanda. Mbili za mwanzo zilishindanishwa ana kwa ana, majibu yakatoka 2025: asilimia 13.7 na 20.2 kwa wiki 72. Ile ya tatu mnaibebea namba kutoka jaribio jingine, la watu wengine. Na wote hao walichomwa dawa iliyopimwa. Kichupa cha binamu kapima nani?

NusuSomo: Mie nilisikia asili yake mate ya mjusi. Halali hiyo?

KarafuuWete: MJUSI KAFIRI??

Mfamasia_Zamu: Hapana bwana. Mjusi wa jangwa la Marekani, mwenye sumu. Na hiyo ni eksenataidi, dawa nyingine ya kisukari, iliyopitishwa kule 2005, inatengenezwa kiwandani, hakuna mjusi anayekamuliwa. Hizi tatu zimeegemea homoni za binadamu.

NusuSomo: Kwa hiyo mjusi yumo.

Mfamasia_Zamu: Hayumo!

ShogaMichenzani: Bibi yangu alichomwa insulini ya nguruwe miaka ile, na khitma yake watu walijaa mpaka barazani. Leo mjusi ndo mwamtafutia fatwa?

NusuSomo: Usimtaje marehemu kwenye mambo ya kupunguza tumbo. Yeye alikuwa mgonjwa, wewe wataka gauni la harusi.

ShogaMichenzani: Gauni? Nimesema MAGOTI. Soma juu, nusu somo weye.

Mkunazini_Mtaani: Jamani, niliuliza bandari. Jana umeme umekatika tangu saa tano usiku, vichupa vimo frijini ubavuni mwa pweza. Kimoja binamu keshakichanganya na maji, sasa kashika bomba la insulini, auliza avute mpaka mstari wa ngapi.

Mfamasia_Zamu: Sifuri.

Mkunazini_Mtaani: Asema sifuri haimo kwenye video aliyotumiwa.

KarafuuWete: Mie nangoja picha ya huyo mjusi.