Bodi ya Peugeot 504: kitoroli cha mbao au cha chuma?

Mnyaki_504
Wakuu salaam. Nipo Uyole, nafufua 504 ya mzee. Injini, giaboksi, shokapu na springi vyote vimetoka, imebaki bodi tupu na kutu ya kutosha huko chini. Nataka kitoroli cha kuitoa nje nikikwangua rangi na kuirudisha ndani mvua ikianza, na ya huku mnaijua haipigi hodi. Fundi wa kuchomelea kanipigia hesabu ya mabomba ya mraba, nikanyamaza. Mbao zitahimili?

Paina_Mafinga
Zinahimili. Chukua paina ya Sao Hill, inchi 2 kwa 6, iliyokauka kweli. Mlingoti (mkaratusi) mbichi usiuguse hata ukipewa bure: ukikaukia kazini unajipinda na kupasuka. Kaza kwa bolti na washa pana, misumari hulegea kadiri unavyosukuma. Kwenye kona tia vipande vya mshazari.

GerejiYaDada
Paina mmesema, kuchomelea hamjasema! 504 haina chesisi, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kutu iko kwenye sakafu na vizingiti vya milango. Kwa hiyo utachomelea juu ya hizo mbao. Cheche inaingia kwenye ufa, inafuka taratibu, moto unakuja mmeshafunga mmelala. Mimi nasema chuma.

Paina_Mafinga
Dada, bati juu ya mbao na ndoo ya maji.

GerejiYaDada
Ndoo haikeshi, kaka.

Mnyaki_504
😂 Tangi la petroli limeshatoka lakini. Na magurudumu je?

GerejiYaDada
Hapo ndipo watu huchemka. Uzito gawa kwa tatu, si nne, maana sakafu zetu hazijanyooka na gurudumu moja huwa linaning'inia. Bodi na kitoroli vikiwa kilo 450, kila gurudumu liweze kubeba 150 au zaidi. Vidogo vya viti vya ofisi vitazama kwenye udongo. Na bodi isilalie tumbo, ikae pale pa kupigia jeki.

Kihesa_Mkongwe
Mbona mnabishana kama lazima achague moja? Achomelee ikiwa juu ya stendi nne za chuma, haiendi popote wakati huo. Kitoroli ni cha rangi.

Mnyaki_504
Mzee, ndaga fijo, asante sana. Stendi naazima kwa jirani. Paina_Mafinga, nitupie bei inboksi, mzigo ufike Uyole.