Zoezi la kugonga kwa kidole: wasiopiga ngoma wanatoka milisekunde 580, kosa liko wapi?

Langoni_95

Salaam wakuu. Naandaa jaribio la saikolojia hapa Lamu: upande mmoja wapiga matari na ngoma za maulidi, upande wa pili watu wasiopiga ala yoyote. Kazi ni mbili. Ya kwanza, duara latokea kwenye skrini na mshiriki abonyeza spesi upesi awezavyo. Ya pili, mlio wapigwa kila milisekunde 600 naye agonga nao, milio 60 kwa duru moja.

Nimeandika kwa JavaScript na yafunguka kwenye kivinjari. Laptopu ni ya Windows, skrini ya 60 Hz, hedifoni za waya. Mlio natoa kwa `setInterval(cheza, 600)`. Ukitoka nahifadhi `Date.now()`, spesi ikibonyezwa nachukua `Date.now()` nyingine na kutoa ya kwanza. Maelezo anayosoma mshiriki ni haya: "Ukisikia mlio, gonga."

Kazi ya kwanza yaonekana sawa, watu wako kati ya 260 na 320. Ya pili ndiyo inayonitoa jasho. Wapiga matari wacheza kwenye 10 hadi 30. Wasiopiga ala wana wastani wa karibu 300, lakini nikifungua mstari mmoja mmoja, hakuna hata mguso ulio karibu na 300! Ni 15, 580, 8, 574, 190, 585, na kuendelea hivyo. Ni watu sita tu wa kujaribia, sijaanza rasmi. Kibodi ina kasoro? Na je, ninunue kompyuta kibao mbili, moja iende kijiji cha Shela na moja Matondoni, ili kazi iishe haraka?

Mzee_wa_Namba

Kibodi haina hatia. Mlio ukija kila 600, basi mguso wa 580 baada ya mlio uliopita ni mguso wa 20 *kabla* ya mlio unaofuata. Mtu hakuchelewa, aliwahi.

Na kuwahi huko ni jambo la kawaida kabisa. Binadamu akigonga pamoja na mlio unaojirudia kwa mwendo sawa, kidole hutangulia mlio kwa makumi ya milisekunde, wala mwenyewe hajui. Anaona amegonga pale pale. Wenye mazoezi ya muziki hutangulia kidogo, wasio na mazoezi hutangulia zaidi. Programu yako imeandikwa kana kwamba mguso lazima uje baada ya mlio, kwa hiyo kila aliyetangulia inampeleka kwa mlio wa nyuma. Wastani wa 300 ni sawa na kuchukua saa sita kasorobo na saa saba kasorobo za jirani wawili ukasema wote walifika saa sita na robo. Hakuna aliyefika saa hiyo.

Dawa: usitoe hesabu yoyote wakati jaribio linaendelea. Hifadhi orodha mbili mbichi, moja ya nyakati za milio, nyingine ya nyakati za miguso. Baadaye, kila mguso upe mlio ulio karibu nao zaidi, mbele au nyuma, ndani ya nusu ya mwendo, yaani ±300. Tofauti yaweza kuwa hasi, iache hasi. Tupa miguso 5 hadi 10 ya mwanzo, hapo mtu bado anatafuta mwendo.

Zile 190 ni kisa kingine, na hicho kimo kwenye Kiswahili chako. "Ukisikia mlio, gonga" maana yake ni subiri, sikia, kisha gonga. Mtiifu atafanya hivyo hivyo, na utapata muda wa mwitiko, si upatanifu. Andika: "Gonga sambamba na mlio, kidole na mlio vikutane." Halafu mwache asikilize milio minne mitano kabla ya kuanza kugonga.

fundi_saketi

Mzee kamaliza upande wa hesabu. Mimi naingia kwenye saa.

`Date.now()` ni saa ya ukutani. Windows ikijirekebisha na intaneti katikati ya duru, saa hiyo yaweza kuruka. Tumia `performance.now()`, hiyo haiendi nyuma. Kwa kitufe, chukua `event.timeStamp` ya tukio lenyewe, si saa ya pale msimbo wako ulipopata nafasi ya kulishughulikia. Na sikiliza `keydown`, ukikataa yenye `event.repeat`, maana mtu akishikilia spesi kompyuta humimina miguso ya uongo.

`setInterval` isitoe mlio. Husubiri kazi nyingine za ukurasa ziishe, na ukurasa ukifichwa nyuma ya mwingine kivinjari huipunguza kasi hadi mara moja kwa sekunde. Mpangie kadi ya sauti milio kabla haijafika (`ctx` ni `AudioContext` ya kivinjari):

```
let ijayo = ctx.currentTime + 0.5;
function panga() {
  while (ijayo < ctx.currentTime + 0.1) {
    piga(ijayo);
    milio.push(ijayo);
    ijayo += 0.6;
  }
}
setInterval(panga, 25);
```

Hapa `setInterval` inabaki mtumishi tu: ikichelewa milisekunde 30 haidhuru, milio ya milisekunde 100 zijazo imeshapangwa. Ndani ya `piga` wekeni `start(ijayo)` na `stop(ijayo + 0.03)`. Mlio uwe mfupi na uanze ghafla. Ukipanda polepole hakuna ajuaye umeanza lini. Saa ya sauti na `performance.now()` ni saa mbili tofauti, zioanishe kwa `ctx.getOutputTimestamp()`, inayokupa zote mbili kwa pamoja.

Hata baada ya hayo yote, tofauti utakayopata si ya kweli bado. Sauti huchelewa kutoka, kitufe huchelewa kuingia, na vyote viwili vinasukuma hesabu upande wa chanya. Hao wanaoonekana −20 huenda ni −60. Ndiyo maana wapiga matari wako wanatoka 10 hadi 30 chanya, jambo ambalo ningelitilia shaka hata bila kuona msimbo.

Ili kupima ucheleweshaji, mtambo wa maabara si lazima. Tafuta rekoda au kadi ya sauti ya USB yenye njia mbili za kuingizia. Kipasuzi cha waya kwenye tundu la hedifoni: tawi moja kwa masikio, jingine kwa njia ya kushoto. Njia ya kulia, kidude cha piezo, kile kisahani cha shaba cha milimita 27, kimebandikwa kando ya spesi. Rekodi kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde. Sampuli moja ni takriban 0.023 ms (milisekunde), ndogo kuliko chochote unachotafuta. Gonga mara 60. Linganisha tofauti ya kwenye rekodi na ile ya programu: programu kutoa rekodi ndio ucheleweshaji wote, sauti pamoja na kitufe. Angalia wastani wake na, muhimu zaidi, mtawanyiko wake.

Langoni_95

Ahsanteni sana. Nimesoma tena mistari na kweli, nikitoa 600 kwenye zile kubwa zinakaa pamoja na ndogo kama ndugu. Vipi kuhusu kompyuta kibao? Na spika ya Bluetooth, kwa sababu wazee wengine hawapendi hedifoni.

BintiShela

Bluetooth, hapana. Spika nyingi huchelewa zaidi ya 100 ms, na hata ukiipima leo, kesho ikiunganishwa upya yaweza kuwa tofauti. Mzee asiyependa hedifoni mpe spika ya waya, uipime kwa njia ya fundi.

Kompyuta kibao si haramu, lakini elewa tofauti ya ucheleweshaji wa kudumu na wa kuyumba. Wa kudumu ukiwa sawa kwa kila mtu, ukilinganisha kundi na kundi unajifuta wenyewe. Wa kuyumba unaongeza mtawanyiko. Kibodi ya USB inayoulizwa na kompyuta kila 8 ms huyumba kwa mkengeuko wa takriban 2.3, yaani 8 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 12. Kwenye kazi yako ya kwanza, ambapo mtu mmoja huyumba 40 au 50 mwenyewe, hiyo haionekani. Kwenye kugonga na mlio, ambapo mpiga ngoma hodari huyumba pengine 15, lazima uijali. Skrini za kugusa huchelewa makumi ya milisekunde na kila muundo una lake. Na ukisikiliza `click` badala ya `pointerdown`, unapima kidole kikiinuka, si kikitua.

Balaa kubwa ni hili: wapiga matari wakipimwa kwa kifaa cha mtaa wa Langoni na wengine kwa kifaa cha Matondoni, tofauti ya vifaa itajivika kilemba cha tofauti ya watu, na hakuna takwimu itakayoivua. Laptopu moja, hedifoni moja, na changanya makundi kwa siku moja. Panda mashua na laptopu yako.

Mzee_wa_Namba

Nimerudi kwa kazi ya kwanza, maana "yaonekana sawa" ni neno la hatari. Duara latokea baada ya muda gani?

Langoni_95

Sekunde 2 kamili kila mara.

Mzee_wa_Namba

Basi baada ya mara kumi watu hawaitikii duara, wanahesabu sekunde. Utaanza kuona 90, 60, hata hasi.

Kubahatisha sawasawa kati ya 1 na 3 ni afadhali, ila kuna mtego: kadiri kungoja kunavyorefuka ndivyo mtu anavyozidi kuwa na hakika kwamba sasa linakuja, naye anakuwa mwepesi zaidi. Ukitaka tumaini libaki sawa wakati wote, tumia mgawanyo wa kipeo: sekunde 1 jumlisha `-Math.log(1 - Math.random())`, na ikizidi 5 chagua upya. Ongeza pia mara chache ambapo duara halitokei kabisa, ili ujue nani anabonyeza kwa kubahatisha.

Majaribio 10 ya kuzoea, 50 ya kuhesabiwa. Chini ya 100 ms ni kubahatisha, zaidi ya 1000 ni mtu aliyekengeuka, lakini andika idadi uliyotupa kwa kila mshiriki. Ripoti mediani, yaani thamani ya katikati, maana muda wa mwitiko una mkia mrefu upande wa kulia. Na ile kanuni ya 100 *usiipeleke* kwenye kazi ya pili, utawafuta wote wanaogonga vizuri.

Duara lichore ndani ya `requestAnimationFrame`. Skrini ya 60 Hz hubadilika kila 16.7 ms, huwezi kuonyesha kitu katikati ya fremu mbili.

Langoni_95

Nimebadilisha yote. Piezo imefika, lakini njia ya kulia ina mvumo mzito unaofunika miguso midogo.

fundi_saketi

Chomoa chaja. Huo ni umeme wa 50 Hz unaoingia kupitia laptopu. Ukitumia betri, weka Windows kwenye hali ya nguvu kamili, ile ya kubana chaji hupunguza kasi ya kichakataji na kuyumbisha saa. Waya wa piezo uwe mfupi na wenye kinga, na unganisha kipingamizi cha megaomu 1 sambamba na kisahani.

Kisahani hutetema baada ya kugongwa, kwa hiyo mguso mmoja waweza kuvuka kizingiti mara tatu. Chukua wa kwanza, kisha fumba macho kwa 150 ms. Viungio vifunike kwa gundi ya moto. Kwa chumvi ya pwani yetu shaba tupu huota kutu ya kijani upesi, na utaanza kukosa miguso bila kujua kwa nini.

BintiShela

Na usipime karibu na adhana wala punda wakiwa wanapakiwa mawe nje ya dirisha. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kwanza, na kwenye faili weka namba ya mshiriki, si jina.