Mliosoma vyuoni: ukatili wa wapenzi hosteli na mageto, ulichomokaje? Tupeane uzoefu

Dada Mkubwa_Tegeta: Wakuu, mdogo wangu anaripoti chuo, mwaka wa kwanza. Jana namsaidia kupanga begi nikamkumbuka binti mmoja wa kwetu hosteli. Joto lote lile la Dar, yeye na mtandio shingoni kutwa. Tulijua unaficha nini na hakuna aliyemuuliza. Mliopitia, tiririkeni.

Ndezi wa Bloku C: Umenikumbusha mbali. Usiku mtu analia chumba cha jirani, unaambiwa "achana nao, ni wapenzi hao".

Mwana wa Shangazi: "Ni wapenzi hao" imeponza wengi.

Mhitimu Mkongwe: Tuseme ukweli, mabinti nao wanakula bumu la mtu, hela yake ya mkopo wa chuo, muhula mzima halafu wanamkimbia. Jamaa atacheka?

Chausiku: Kwa hiyo chipsi kuku ndiyo mahari siku hizi?

Mhitimu Mkongwe: Sijasema apigwe. Soma vizuri.

Bint Rufiji: Sijawahi kuyaandika haya popote. Mwaka wa pili nilikuwa na kijana mpole, kila mtu anamsifia, ibada hakosi. Alianza na simu: nimpe neno la siri, nimtumie picha nilipo, nani huyo amekaa pembeni yako. Baadaye akaivunja laini yangu. Nikamwambia basi, tuachane. Akakubali kirahisi mno! Akasema njoo geto uchukue laptopu yako, na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zilikuwa karibu.

Rumeti wangu hakupenda. Akaniambia nikishindwa kuongea nitaje dobi. Nilicheka, nikaenda.

Kufika, akafunga mlango, funguo mfukoni, redio juu. Ya humo ndani naomba niyaache. Rumeti alipopiga, jamaa akaweka spika, amenishika nywele, ananiambia kwa mdomo tu bila sauti: sema uko salama. Nikasema niko salama, ila mwambie dobi alete shuka langu. Hatukuwa na dobi, tulikuwa tunafua wenyewe.

Rumeti alikuja na mama mwenye nyumba na mjumbe. Jamaa akafungua anatabasamu, eti "tulikuwa tunadiskasi". Mjumbe hakumjibu, alinitazama mimi akasema mwanangu, toka.

Hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Polisi, kaunta, watu wamejaa, askari ananiuliza kwa sauti mna uhusiano gani. Nilishageuka kuondoka, afande mmoja wa kike akanishika mkono hadi dawati la jinsia na watoto, akafunga mlango, akaandika kila kitu bila haraka.

Ndezi wa Bloku C: Huyo mjumbe anywe soda popote alipo, bili kwangu.

Kaka Juma wa Ilala: Jamaa alifungwa?

Chausiku: Mtu kasimulia yote hayo, wewe unawaza mwisho wa muvi.

Bint Rufiji: Wazazi wake walikuja kwetu na lugha tamu, "watoto hawa". Baba alitaka kulegea, mama akagoma. Kesi ilienda. Naomba niishie hapo.

Nesi wa Zamu: Pole sana mdogo wangu. Kwa wengine: ukibakwa, wahi ndani ya saa 72, dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazianzishwi. Usioge kwanza. Nguo weka kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, nailoni inaozesha ushahidi. Anza hospitali.

Wakili Msomi_kiasi: Anza polisi. Bila PF3 kesi inayumba.

Nesi wa Zamu: Wakili, mtu anavuja damu unampanga foleni kaunta? Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono: daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Uliza hapo mapokezi.

Mwana wa Shangazi: Mimi nasema ajifunze karate tu.

Sapu Tatu: Mbona hamgusi walimu? Wa kwangu alisema sapu, yaani mtihani wa marudio, "inazungumzika", nije ofisini jioni. Nikajifanya sielewi, nikamwomba aniandikie kwenye meseji. Mjinga akaandika! Nikaipeleka TAKUKURU. Sheria ya rushwa ya 2007 inaitambua rushwa ya ngono, na namba yao 113 ni bure.

Mhitimu Mkongwe: Na ukidisko, ukaondolewa chuo kwa kufeli, kwa visasi?

Sapu Tatu: Nimehitimu, mzee.

Dada Mkubwa_Tegeta: Asanteni. Hiyo ya dobi nampa leo leo. Ila matroni ukimwambia si linaenea bloku zima?

Ndezi wa Bloku C: Inategemea matroni. Wa kwetu alikuwa redio. Bora dawati la jinsia la chuo, kama lipo na lina mtu.

Kaka Juma wa Ilala: Na sisi wanaume je? Mimi nilimwagiwa chai ya moto kisa nimelaiki picha. Nilidanganya nimeteleza jikoni.

Mwana wa Shangazi: 😂😂😂

Chausiku: Usicheke, mtu kaungua. Juma, dawati linapokea na wanaume.

Kaka Juma wa Ilala: Nikakutane na afande ninayemjua mtaani?

Chausiku: Nenda kituo cha wilaya nyingine basi.