Mjadala: Je, mwandishi wa mambo ya umma ana haki ya kutugusa moyo kabla ya kutupa hoja?

Mwanzishaji wa mjadala, Mkomani, Lamu

Waungwana, assalamu alaikum.

Naleta mbele yenu swali ambalo limezungumzwa kwa siku kadhaa barazani Mkunguni, mbele ya Ngome, bila kupatikana muafaka. Mtu anayeandika ili kuwashawishi wenzake juu ya jambo la umma, je, ana haki ya kuigusa mioyo yao kwanza, au hoja ndiyo inayostahili kutangulia?

Swali hili ni la kale. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki alieleza kwamba mwenye kushawishi kwa maneno ana njia tatu: tabia yake jinsi inavyodhihirika katika maneno yenyewe hata akaaminika, hali anayowatia wanaomsikiliza, na hoja yenyewe inavyothibitisha jambo. Katika mjadala huu tuziite kuaminika, hisia na mantiki.

Kilichonisukuma kuuliza ni kosa nililolitenda mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita wazee na akina mama wa upande wa Faza waliniomba niwaandikie barua ya kuomba chombo cha kubebea wagonjwa usiku. Hoja zilikuwapo, tena nzito: kutoka kwao kuja mjini Lamu ni safari ya bahari, maji yakipwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kwa urahisi, na mgonjwa hangoji maji yajae. Badala ya kuanza na hayo, nilianza na kisa cha mama aliyejifungua ndani ya mashua gizani. Kisa kilikuwa cha kweli, lakini hakikutokea katika mwaka nilioutaja wala katika kijiji nilichokitaja. Nilikisogeza ili kilingane na ombi letu. Afisi iliyoipokea barua ilimtuma mtu akamtafute mama huyo, hakupatikana, na barua ikarudi ikiwa na sentensi moja tu, kwamba maelezo yake hayakuthibitika. Hakuna aliyeuliza tena habari za Mkanda. Watu waliotia saini kwa nia safi, wengine kwa kidole gumba, walionekana waongo kwa ajili ya mstari wangu mmoja.

Tangu siku hiyo naamini kwamba hisia ni halali pale tu msomaji anapoweza kufunga safari akaenda kupaona mahali ilipozaliwa. Hiyo ndiyo rai yangu, na ninawaomba wenye kuipinga waipinge waziwazi.

Mwalimu wa sekondari, Langoni

Ndugu mwanzishaji, nakushukuru kwa kukiri, lakini naona umelirekebisha kosa lako nusu. Tatizo la kile kisa halikuwa tarehe peke yake. Hata kama tarehe ingekuwa sahihi, kisa kile kingemfanya msomaji aamue kabla hajapima. Aristotle huyo huyo aliwalaumu waliomtangulia katika kufundisha ufasaha, kwa kuwa walishughulika mno na namna ya kumtia hakimu hasira, wivu na huruma, akasema kwamba kufanya hivyo ni sawa na kuipinda rula ambayo mtu anataka kuitumia kupimia.

Chukua jambo tunalolijua sote. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, bara ya Lamu, ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Watu waliandamana na makala zikaandikwa, nyingi zikisikitikia mji wetu wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Siku ya 26 Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira liliifuta leseni ile. Je, liliifuta kwa sababu ya machozi? Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika utafiti wa athari za mtambo ule. Ni hoja kavu ya sheria, inayoweza kusomwa na mtu asiyewahi kukanyaga Lamu na asiyetupenda, na bado akaikubali. Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi wangu kwamba hisia zina nyumba yake, nayo ni ushairi. Barua ya umma na ijengwe kwa ushahidi.

Mama wa Siyu, anayeishi Malindi

Mwalimu, heshima yako ipo palepale, ila hukumu hiyo umeisoma upande mmoja. Wanajopo wale wale unaowasifu kwa ukavu wao waliufananisha ushirikishwaji wa umma na hewa inayoupa uhai utafiti wa mazingira, wakasema kwamba pasipo ushirikishwaji, utafiti huo ni kama mtoto aliyezaliwa mfu, hata ripoti yake iwe nene na ya kupendeza namna gani. Mwanasheria anayetaka kueleza kifungu cha sheria anahitaji nini picha ya mtoto asiyevuta pumzi? Anaihitaji kwa sababu bila ya picha hiyo msomaji angedhani kushirikisha watu ni karatasi moja iliyosahaulika katika faili, ambayo yaweza kuongezwa kesho. Picha ile ilibeba uzito wa hoja, uzito ambao maneno makavu yasingeweza kuubeba. Kwa hiyo hisia haikuipinda rula. Ilimwonyesha msomaji kitu kinachopimwa kina thamani gani.

Tena Aristotle uliyemtaja hakuishia pale ulipoishia wewe. Katika sehemu ya pili ya kitabu chake kilekile cha ufasaha alikaa kitako akaichambua hasira, huruma, hofu na haya, moja baada ya moja: humjia mtu akiwa katika hali gani, juu ya nani, na kwa sababu zipi. Mtu hajishughulishi hivyo na jambo analotaka litupwe. Huruma, kwa maelezo yake, hutujia tunapoona mtu amefikwa na baya asilostahili, ambalo laweza kutufika sisi au walio wetu. Ndani ya huruma hiyo mna hukumu: nani amefikwa, anastahili au hastahili, na mimi niko mbali naye kiasi gani. Mwenye kuhisi kwa usahihi amekwisha kufikiri.

Ukisema nyumba ya hisia ni ushairi, nakurudisha kwetu. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Kabla ya kutoa wasia wowote anamwita mwanawe asogee karibu na wino na karatasi, na anamweleza kuwa maradhi yamemshika, yametimu mwaka. Wengi husema hapo anataka kuhurumiwa. Mimi nasoma jambo jingine: mama anayeiona safari yake ya mwisho hana cha kuchuma kwa kusema uongo, na binti anayelijua hilo anasikiliza kwa sikio tofauti. Maradhi yake yanagusa moyo, na wakati huohuo yanathibitisha nia yake. Niambie, Mwalimu, mstari ule ni wa hisia au ni wa kuaminika? Mimi siwezi kuutenganisha, na sidhani kama mwenyewe alikusudia utenganishwe.

Ama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake mwenyewe. Hamwambii msomaji "lia". Anauonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyokuwa yakiwaka taa, na vidaka vilivyopangwa sahani za kauri ambavyo sasa vinalaliwa na makinda ya ndege, kisha anauuliza: wako wapi wenye nyumba? Msomaji wa zama zake angeweza kupanda mashua akaenda kuyaona magofu. Mzee wangu mwanzishaji, hiki ndicho kipimo chako ulichokitaja, na mtu wa kwetu alikuwa amekwisha kukitimiza kabla yetu sote. Al-Inkishafi ni hoja inayokwenda kwa mifano: huyu alikuwa tajiri akaondoka, na yule vivyo hivyo, basi na wewe. Wenye kuisoma kwa huzuni tupu hawajaisikia mantiki yake.

Fundi wa majahazi, Matondoni

Habari ya rula imenigusa kwa kuwa ni chombo changu cha kazi. Rula iliyopinda huharibu ubao, hilo ni kweli na sibishani na Mwalimu. Lakini rula huniambia urefu wa ubao tu, haijapata kuniambia kwa nini jahazi lijengwe. Jahazi huanza kwa mtu mwenye shida ya kuvuka. Akija kwangu hana haja ya kunihadaa. Anieleze shida yake ilivyo, mimi nitoe rula.

Kijana wa Hindi, bara ya Lamu

Wazee wangu, naomba niseme jambo ambalo huenda halitawafurahisha. Wakati ule mimi nilikuwa upande wa mtambo. Nilikuwa sina kazi, na walioutetea waliandika juu ya ajira. Hawakueleza ni ajira za namna gani, za miaka mingapi, wala ni nani angepewa, nami sikuuliza kwa kuwa nilitaka sana iwe kweli. Hiyo nayo ni hisia, na nadhani matumaini humfumba mtu macho kuliko hofu.

Waliopinga nao hawakunifikia. Waliandika juu ya milango ya nakshi, vichochoro vya mji wa kale na wageni wanaokuja kuvitazama. Mimi sikai mji wa kale. Walipotaja moshi na majivu ya makaa, walisema mambo ambayo leo nayakubali, lakini siku zile sikuyakubali kwa sababu ya waliokuwa wakiyasema, maana sikuona mahali popote walipoandika kwamba kijana wa bara anahitaji kula. Nimesoma kwamba Aristotle alitaja mambo matatu yanayomfanya msemaji aaminike: busara, wema wa tabia, na nia njema kwa anaowasemesha. Busara yao niliiona, na wema sikuwa na sababu ya kuukataa, lakini nia njema kwangu mimi sikuiona.

Waliokuja kunibadilisha mawazo ni wavuvi. Katika habari ya bandari mpya, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2012 na gati lake la kwanza likafunguliwa mwaka 2021, wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kabla ya hukumu hiyo mvuvi mmoja mzee alikuja kwetu akataja sehemu alizokuwa akivua, samaki aliokuwa akiwapata na jinsi mikoko ilivyokatwa, kisha akatuambia: asiyeniamini na aje alfajiri twende sote. Mimi nilikwenda. Hakuna makala iliyowahi kuniambia "twende sote".

Mwalimu wa sekondari, Langoni

Mwanangu wa Hindi, maneno yako yamenifundisha, na sitaki kuyapunguza thamani. Ila hapo ndipo hofu yangu ilipo. Majivu ya makaa ni yaleyale, awe anayeyataja ni rafiki yako au ni mtu asiyekujali. Tukiwazoesha watu kumpima msemaji kabla ya neno lake, atakuja mtu tunayempenda sote, mcheshi, mwenye kutoa sadaka, aliyezaliwa mtaani kwetu, naye atatuuza. Aristotle alitahadharisha kwamba kuaminika kutokane na maneno yenyewe yanavyosemwa, si na dhana waliyo nayo watu juu ya mtu kabla hajafungua kinywa. Ulimwamini mvuvi kwa sababu ya mvi zake, au kwa sababu alikupa njia ya kumhakiki? Ukiniambia ni kwa sababu ya njia ile, basi tuko pamoja. Ukiniambia ni mvi, bado nina wasiwasi.

Bibi wa Siyu, katika hukumu umenishinda. Niliisoma sababu nikaruka picha. Katika shule, hata hivyo, sibadiliki upesi. Mwanafunzi wa miaka 15 hujua kuliza watu kabla hajajua kuthibitisha, na akisifiwa kwa kuliza hatajifunza la pili.

Kijana wa Hindi

Ilikuwa njia, Mwalimu. Lakini asingekuwa mzee mwenye mvi nisingeamka alfajiri.

Mwanzishaji wa mjadala, Mkomani, Lamu

Nimesoma yote mara mbili. Nilikuja nikidhani swali ni la mpangilio, nini kitangulie na nini kifuate, na kipimo changu nilikiweka juu ya hisia peke yake. Sasa naona kwamba kipimo kile kinaibana mantiki yangu vilevile. Nilipoandika kwamba Mkanda haupitiki maji yakipwa, nilimpa msomaji njia gani ya kulihakiki hilo? Niliandika kama mtu asemaye jambo linalojulikana, kwa kuwa huku linajulikana. Afisa aliyekaa mbali na bahari hajui kupwa wala kujaa. Hata hoja yangu ya kweli ilimtaka aniamini tu, na nilikuwa nimekwisha kuiharibu sababu ya kuniamini.

Na neno la kijana wa Hindi limenikaa moyoni. Katika barua ile sikumwandikia afisa kama mtu. Nilimwona kama mlango wa kusukumwa kwa bega. Sikufikiri kwamba naye ana hesabu za mafuta, mishahara ya manahodha na vijiji vingine vinavyomwomba chombo hichohicho. Nia njema ningeweza kuionyesha kwa kuyataja hayo na kuyajibu.

Nimezungumza na wenye haja ya chombo, na wamekubali tuandike upya. Nahodha mmoja atatunza daftari la safari za wagonjwa kwa miezi mitatu: saa ya kuondoka, hali ya maji, saa ya kufika. Akina mama wawili wako radhi visa vyao viandikwe kama vilivyotokea, na tarehe zake, na wako tayari kuulizwa. Barua itaanza kwa kueleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kisa kilichohamishwa mahali pake, na kwamba aliyekihamisha ni mimi, si waliotia saini. Baadhi ya wazee wanaona kwamba kulifukua jambo hilo ni kujiumbua bure, nami sijawashawishi bado.

Mwalimu, nakuomba uusome mswada kama mtu asiyetupenda. Mama wa Siyu, nitakuletea Malindi ukurasa wa visa, unionyeshe ni wapi nimeongeza chumvi. Mswada wa kwanza nitaubandika Mkunguni daftari la nahodha litakapokamilika, na atakayeona neno lisilo la kweli aandike kando yake kwa kalamu nyekundu.