Yule jamaa wa kibanda cha filamu pale Kondele, Kisumu, AMENIHARIBIA BUTI

Omena_Bila_Chumvi
Ndio nimefika nyumbani, hata viatu sijavua. Simtaji jina, mnamjua. Yule wa maikrofoni, anayetafsiri filamu kama anayenadi mitumba Kibuye. Leo alikuwa na Out of Sight ya 1998: George Clooney mwizi wa benki, Jennifer Lopez afisa wa kusaka watoro wa jela. Nimelipa sh. 30, nimenunua njugu, nimekalia lile benchi lenye msumari.

Jamaa anatoroka jela kule Florida, anatokea amejaa tope, dada amemngoja na bunduki. Rafiki ya mwizi anamshika dada, wanamsukuma ndani ya buti la gari, na mwizi mwenyewe anaingia analala nyuma yake. Buti linafungwa. Taa ndogo nyekundu inawaka. Na badala ya kutishana, yawa, wanaanza kupiga stori za sinema! Kibanda kizima kimya. Hata mama wa mandazi ameacha kuhesabu chenji. HAPO ndipo Yule Mtu anavuta maikrofoni: "Msijali, mwishoni dada anampiga risasi ya mguu!"

YA MGUU. Wakiwa bado ndani ya buti!

Nani alimuuliza? Watu wako butini wanapendana, wewe unamwaga mtama! Nikadai pesa yangu. Akasema mwisho nimeshaujua, kwa hivyo nimetazama filamu nzima, tena kwa haraka, nimuongeze kumi.

Jaduong_Mdogo
Omera, filamu ya 1998. Huo mwisho ulikuwa unangoja wewe ukue?

Omena_Bila_Chumvi
Shida si mwaka! Shida ni BUTI! Angengoja hata watoke!

Ingokho_Mbili
Shukuru wako anajua mwisho. Wetu huku Kakamega hajui hata mwanzo. Clooney alimfanya pasta, ule wizi wa kwanza ukawa ni kukusanya sadaka. Na kusema kweli ilishikana, maana jamaa anaingia benki bila bunduki, anaomba kwa upole, anatabasamu, anapewa.

Mtoto_wa_Kaptembwo
Sisi Nakuru kwa buti hatujawahi kufika. Jamaa anatoka benki, gari linakataa kuwaka, na papo hapo stima inapotea. Nimelipa mara nne. Clooney bado anawasha gari.

Jaduong_Mdogo
😂😂 Msukumeni basi

Nyar_Manyatta
Mimi hiyo hadithi yenyewe inanikera. Karao na mwizi wapendane wapi? Mimi karao alinisimamisha usiku, akanimulika tochi machoni, nikadhani leo nimependwa. Kumbe anatazama mkoba.

Omena_Bila_Chumvi
Dada, hujasikia vile walikuwa wanaongea ndani ya lile buti. Mimi pia sijasikia. KWA SABABU YA NANI?

Bodaboda_Msomi
Samahani, nimeona buti. Nambari nane iko? Naenda shamba Jumamosi, matope mengi.

Omena_Bila_Chumvi
Buti la GARI!!

Bodaboda_Msomi
Gari la aina gani?

Ingokho_Mbili
Kwani bodaboda ana ruhusa ya kulalamika hapa? Jana mmoja wenu alinibeba na mbuzi katikati. Mbuzi akashuka kwanza, mimi nikalipishwa nauli yake.

Bodaboda_Msomi
Mbuzi hakuwa na chenji.

Mtoto_wa_Kaptembwo
Nne, jameni. Mara nne nimelipa.

Nyar_Manyatta
Afadhali mbuzi. Mimi yule mama wa samaki, mnamjua, ameniuzia ngege ya sh. 400, kufungua gazeti nyumbani haina kichwa. Namrudia, ananiambia kichwa huuzwa kando. Kando! Kwani ilikuja kutoka ziwani imeshatengana?

Jaduong_Mdogo
Huyo huyo! Mimi alininyima mkia!

Omena_Bila_Chumvi
Ngoja. Yule wa kona ama yule wa karibu na stendi? Kwa sababu mimi pia namdai kichwa