Simba wa Akagera: tusifie simba au tusifie uzio?

Wakuu, salaam. Kila ikija hoja ya kurudisha simba kwenye hifadhi walikotoweka, mtu huitaja Akagera ya Rwanda. Leo naitaja mimi, ila naanzia nyuma kidogo.

Baada ya 1994 wakimbizi walirudi nyumbani na ng'ombe wao, ardhi ikawa finyu, na mwaka 1997 hifadhi ikamegwa zaidi ya nusu: kutoka kilomita za mraba kama 2,500 hadi 1,100 na ushee. Simba wakala ng'ombe, wafugaji wakawategea sumu hadi wakaisha. Mtu ametoka uhamishoni, mali yake yote ni hao ng'ombe. Mimi simlaumu.

Sasa tazameni walivyorudishwa. Uzio wa umeme wa kilomita 120 ulikamilika 2013. Simba saba, majike matano na madume mawili, wakaletwa kutoka Afrika Kusini 2015. Uzio ulitangulia miaka miwili! Na upo mfuko wa serikali unaofidia hasara za wanyamapori. Huku kwetu mfugaji husubiri kifuta jasho mpaka anasahau alidai ng'ombe wangapi. Naunga mkono simba warudi, lakini uzio na fedha kwanza. Nipingeni.

Mfuga Zebu: Mleta mada, uzio unautazama kwa upande mmoja. Ukimzuia simba asitoke, umemzuia na ng'ombe asifike ziwani. Kiangazi kikikaza tunanywesha wapi? Wataalamu wakija kijijini wanaongelea simba saa mbili, maji dakika tano.

Pori Kwanza: Mnasahau damu. Simba saba ndani ya uzio watazaana ndugu kwa ndugu, ndiyo maana 2017 Akagera waliongezewa madume wawili. Ukishazungushia uzio umejipa kazi ya kuagiza madume maisha yako yote. Hifadhi hiyo, au zizi kubwa? Haya, zungushia Serengeti tuone nyumbu watapita wapi.

Mleta mada: Zizi kubwa, sawa, nakubali, na lenye simba ndani. Serengeti haimo kwenye mada, mkuu. Huko simba hawajaisha, wa kumrudisha nani? Nazungumzia pale walipokwisha. Mfuga Zebu, kwenye maji umenibana kweli. Narekebisha: mabwawa ya kunyweshea yachimbwe kabla ya nguzo ya kwanza ya uzio.